Mlima wa Morisi wenye kichwa cha jiwe: jina ni la gavana aliyezama au hadithi ni ya muuza maziwa?

Mwana_wa_Birere (#1)
Jambo yenu. Mdogo wangu anasoma huko Morisi, na juzi alinitumia picha ya mlima unaoonekana ukiwa Port Louis, mji mkuu wa huko. Umechongoka, na kwenye ncha kabisa limekaa jiwe kubwa la mviringo kama kichwa juu ya shingo. Huhitaji kukodoa macho wala kuambiwa na mtu. Ni kichwa. Mlima unaitwa Pieter Both.

Sasa mwalimu wake anasema hilo ni jina la gavana Mholanzi. Mama mwenye nyumba anasema huyo gavana yeye hamjui, yule aliye juu ni muuza maziwa, aligeuzwa jiwe kwa sababu alishindwa kufunga mdomo. Mtoto ananiuliza mimi, mimi ambaye nimezaliwa chini ya Nyiragongo, volkano yetu hapa Goma, na sijui hata jina la Nyiragongo limetoka wapi.

Mimi niko upande wa mama mwenye nyumba. Mnasemaje?

Tshukudu_Express (#2)
Kama kila muuza maziwa mwenye mdomo angegeuka jiwe, barabara ya Sake ingekuwa imefungwa kitambo 😂

Fromaji_ya_Masisi (#3)
@Tshukudu_Express mnatuonea bure watu wa Masisi. Na huyo wa Morisi pengine kosa lake halikuwa mdomo. Aliongeza maji kwenye bidoni, wakubwa wa mlima wakaonja.

Mwalimu_Himbi (#4)
Tuanze na yaliyoandikwa, kisha mrudi kwenye maziwa yenu.

Waholanzi walifika kwenye kile kisiwa mwaka 1598 wakakipa jina la mwanamfalme wao, Maurits. Ndipo tukapata Mauritius, na sisi tukasema Morisi. Pieter Both alikuwa gavana mkuu wa kwanza wa makoloni yao ya Asia, huko Indonesia ya leo, kuanzia 1610 hadi 1614. Alipomaliza kazi akapanda meli iitwayo Banda arudi kwao. Meli ikavunjika pwani ya Morisi mwaka 1615, naye akazama. Mlima ukabeba jina lake. Mwalimu wa mdogo wako yuko sawa.

Kaka_Virunga (#5)
Na ndio mlima mrefu kuliko yote kule kisiwani, ndiyo maana ukapewa jina la mkubwa.

Mwana_wa_Birere (#6)
@Mwalimu_Himbi aksanti mwalimu, lakini hebu tusikilizane. Mtu amekufa maji, chini kabisa baharini, halafu mnampa mlima? Wangempa ghuba. Wangempa mwamba uliomvunjia meli.

Safi_wa_Ndosho (#7)
@Kaka_Virunga hapana. Mrefu kuliko yote ni Piton de la Petite Rivière Noire, mita 828. Pieter Both ni wa pili, mita 820. Wa tatu ni Le Pouce, mita 812, na huo uko jirani yake kwenye safu ileile ya Moka. Le Pouce maana yake kidole gumba.

Kwa hiyo OP (mwenye uzi), hakikisha picha. Ukiona kidole kimoja kimesimama hicho ni Pouce. Ukiona kichwa ndiyo Pieter Both. Wageni huwa wanachanganya.

Kaka_Virunga (#8)
Sawa, nimesahihishwa. Lakini milima mitatu inapishana mita nane nane kama watoto waliopangwa mstari wa shule! Huku kwetu Karisimbi ni 4,507, Mikeno 4,437, Nyiragongo 3,470. Mita 820 kwetu si mlima. Ziwa Kivu lenyewe liko juu ya hapo, mita 1,460 na kitu.

Mtoto_wa_Ijwi (#9)
Naomba kukumbusha kwamba kisiwa chenye milima kipo hapa hapa katikati ya ziwa na hakuna aliyewahi kukifungulia uzi. Haya endeleeni na Morisi.

Mama_Neema (#10)
Watoto wangu, mimi nilikaa Port Louis miezi minane nikimuuguza ndugu. Nilikuwa nauamkia huo mlima kila asubuhi. Hadithi ya maziwa nitawapa kama nilivyopewa na mama mmoja jirani, mtu wa asili ya Kihindi, kwa Kifaransa chake na changu, vyote viwili vya kuchechemea.

Kulikuwa na muuza maziwa wa kijiji cha Crève-Coeur. Kijiji kiko chini ya mlima, upande wa pili wa mji. Kila alfajiri alipanda na maziwa yake kichwani, akavuka mgongo wa mlima, akateremka Port Louis kuuza. Siku moja jua lilimchosha, akaweka chombo chini, akalala. Alipoamka akasikia nyimbo. Akachungulia, akaona viumbe wazuri sana, mwili kama mwanga, wanacheza kwenye uwazi juu ya mlima. Wao nao wakamwona. Hawakumdhuru. Walimwambia neno moja tu: ulichokiona usimwambie mtu yeyote, ukisema utageuka jiwe.

Akashuka. Na nyie mnajua kijiji. Mtu akichelewa na maziwa lazima aeleze amechelewa wapi. Akaeleza. Siku iliyofuata akapanda kama kawaida, hakurudi. Watu walipoinua macho wakamwona pale juu, mabega na kichwa, mpaka leo.

Huyo mama alipomaliza akaniambia: "Na bado maziwa ya siku ile hayajalipwa." Hapo sikujua kama ni sehemu ya hadithi au ni utani wake.

Tshukudu_Express (#11)
"Maziwa ya siku ile hayajalipwa" 😂😂 huyo mama ni wa mtaa wetu wa Birere kabisa.

Mwana_wa_Birere (#12)
Aksanti sana Mama Neema. Mnaona? Hadithi yenye njia, yenye kijiji, yenye saa. Ya gavana haina hata kupanda mlima ndani yake.

Bonne_Année_Bukavu (#13)
Swali. Hao "viumbe wazuri" kwa Kifaransa ni *fées*. Kwa Kiswahili tutawaitaje? Malaika hapana, malaika hageuzi mtu jiwe kwa umbea. Majini ni ya watu wa pwani. Mizimu ni wazee wetu waliokufa, hawachezi mchana.

Kaka_Virunga (#14)
Wenye mlima. Basi. Huku kila mlima una wenyewe.

Lushois_Mupole (#15)
Jambo benu. Miye niko ku Lubumbashi. Huku kwetu ile hadisi tunaiyua, ila haiko ku mulima, iko mu mayi. Ni Mamba Muntu. Batu ba kuchora balimuchora sana, mwanamuke wa nywele murefu, chini samaki. Ukipata kitu yake, anakupa makuta, unakuwa mutajiri. Lakini usiseme ku mutu, hata ku bibi yako. Ukisema, byote binaisha. Njo ile ile ya muuza maziwa.

Bonne_Année_Bukavu (#16)
@Lushois_Mupole tofauti ipo. Mamba Muntu anakupa kitu kwanza, kwa hiyo siri ni malipo. Muuza maziwa alipewa nini? Hakupewa hata senti. Alichelewa sokoni, akapewa onyo.

Tshukudu_Express (#17)
@Lushois_Mupole na nyie mulima munautoa wapi? Mlima wa Lubumbashi si ile terri ya mabaki ya kiwanda?

Lushois_Mupole (#18)
@Tshukudu_Express ndiyo, terri, na batu njo balijenga ile mulima, beko na akili. Ya kwenu inashuka ku muji na kukula manyumba. Ya kwetu inakaa pale, inatulia.

Tshukudu_Express (#19)
Hii nimepigwa. Naweka tshukudu, baiskeli yangu ya mbao, chini.

Mzee_wa_Rutshuru (#20)
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mnahangaika na kisiwa cha mbali wakati kwetu kuna aliyeonywa na hakusikia, na milima yote hii imesimama juu ya habari yake.

Ryangombe, bwana wa imandwa, mizimu inayoabudiwa. Siku aliyotaka kwenda kuwinda, mama yake alimkataza: nimeota ndoto mbaya, usitoke leo. Akatoka. Porini akakutana na mwanamke, na mwanamke yule akageuka nyati, nyati akamchoma pembe. Akatupwa juu ya mti wenye maua mekundu, umurinzi, akafia hapo. Ndiyo maana mti ule unaheshimiwa hadi leo. Wazee walisema roho yake ilikwenda Karisimbi, na waliomfuata kwa kawaida zake wanakwenda kukaa naye kule, penye baridi na weupe. Waliokataa wanakwenda Nyiragongo, motoni.

Kwa hiyo mtoto wa Birere aliyeuliza mlima wake unatoka wapi: bibi zetu hawakuuona kama mlima wa kupigia picha. Ulikuwa jela.

Cidorho_wa_Bukavu (#21)
Mzee heshima yako, ila Lyangombe ni wa Bushi pia, nchi ya Washi huku Bukavu. Kwetu tunasema Lyangombe, kwa L. Msimchukue peke yenu.

Mzee_wa_Rutshuru (#22)
Sijamchukua. Alikuwa mwindaji, alizunguka kwingi.

Mwanafunzi_Jiolojia (#23)
Samahani kuingilia. Mimi nasoma mambo ya miamba hapa Goma. Mnalinganisha Pieter Both na Nyiragongo, na hapo ndipo mnapokosea njia.

Morisi yote ni volkano, lakini ya zamani. Kisiwa kilianza kutoka baharini miaka kama milioni 8 iliyopita. Sehemu ya moto iliyokitengeneza sasa iko chini ya jirani yake, La Réunion, ndiyo maana Piton de la Fournaise ya kule bado inatoa lava mara kwa mara na Morisi imetulia. Safu ya Moka yenye Pouce na Pieter Both ni mabaki ya ukingo wa volkano kubwa ya kale. Mvua imekula, imekula, sehemu laini imeondoka, ngumu imebaki. Kile kichwa ni jiwe gumu la lava ambalo limekatwa pande zote na halijaanguka bado.

Ukitaka ndugu yake hapa kwetu usitazame Nyiragongo, huyo ni kijana. Tazama Mikeno, au Sabyinyo yenye meno yake. Hizo nazo ni volkano za zamani zilizoliwa na mvua hadi mifupa ikaonekana.

Safi_wa_Ndosho (#24)
Na jina Sabyinyo lenyewe ni mzee wa meno, angalia vile vilele. Hapo hakuna gavana. Watu walitazama wakasema walichokiona. Bisoke ni mahali pa kunywesha maji ng'ombe, na kweli juu kuna ziwa. Muhabura ni anayeonyesha njia. Karisimbi ni isimbi, simbi nyeupe, kwa sababu ya kile cheupe kinachoonekana kileleni asubuhi.

Mwana_wa_Birere (#25)
@Mwanafunzi_Jiolojia sawa, mvua ilikula. Lakini mvua haikula mlima ikaacha mtu. Mbona haikuacha bakuli? Mbona haikuacha mbuzi?

Mwanafunzi_Jiolojia (#26)
Iliacha mawe maelfu ya maumbo yasiyofanana na kitu. Hayo hakuna aliyeyapigia picha akamtumia kaka yake.

Mwalimu_Himbi (#27)
Huyu mwanafunzi apewe maksi zote.

Fromaji_ya_Masisi (#28)
Mimi narudi kwenye kazi kwa sababu kazi hiyo naijua. Nimebeba maziwa miaka sita, kwanza mgongoni, baadaye kwa pikipiki. Naomba mnisikilize.

Hadithi hii ilitungwa na anayengoja maziwa, haikutungwa na muuza maziwa. Tazameni kosa la kwanza la yule mtu. Hata kabla ya kusema, alilala njiani. Maziwa hayangoji. Jua likipanda yanachacha, mnunuzi anakupunguzia bei au anakataa kabisa. Mwenye ng'ombe anataka kijana wake aogope kulala njiani, anamwambia: pale juu kuna watu, ukikaa watakugeuza jiwe. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo tajiri wangu alinitishia kuna kona moja ambayo ukipumzika pale unapotea. Nilipita mbio miaka miwili. Baadaye nikagundua kona ile ina kivuli kizuri na chemchemi, ndiyo maana vijana wote walikuwa wanachelewa pale.

Mama_Neema (#29)
@Fromaji_ya_Masisi mwanangu hapo umenigusa. Lakini mama aliyenisimulia hakuwa tajiri wa ng'ombe. Alikuwa mtu wa hali ya chini na baba yake aliuza maziwa. Alisimulia kama mtu anayemwonea huruma.

Cidorho_wa_Bukavu (#30)
Hapo kuna jambo. Kama wauza maziwa wenyewe walikuwa watu wa asili ya Kihindi, basi hadithi haiwezi kuwa ya kale sana. Wahindi wengi walipelekwa Morisi kufanya kazi za mkataba mashambani, kwenye miwa, kuanzia 1834. Utumwa ulikomeshwa mwaka uliofuata, 1835. Mahali waliposhukia bandarini panaitwa Aapravasi Ghat, UNESCO imeuweka kwenye urithi wa dunia 2006. Watu walipotulia wakafuga ng'ombe mmoja mmoja nyuma ya nyumba. Mimi naona walikuja na hadithi zao za viumbe wa mbinguni wanaocheza, kwao India wako wengi tu, wakazipachika kwenye jiwe walilolikuta.

Kaka_Virunga (#31)
Au ni ya Wamakua na Wamalagasi waliopelekwa utumwani kabla yao. Hao nao walikuwa na wenyewe wa mlima. Wahindi wakaja wakaongeza maziwa.

Bonne_Année_Bukavu (#32)
Au ni ya Wafaransa. Walikuwepo kabla ya Waingereza, na *fées* ni zao.

Tshukudu_Express (#33)
Mpaka sasa tuna mlima mmoja na wenye hati wanne. Hii ni parseli ya Goma kabisa.

Pasta_Mstaafu (#34)
Wapendwa, mke wa Lutu aligeuka nguzo ya chumvi kwa kutazama nyuma. Huyu aligeuka kwa kusema. Mimi nasema wamisionari walipita hapo.

Kijana_wa_Kituku (#35)
Nimesikia toleo lingine kabisa kwa mtu aliyefanya kazi melini. Wanasema kule kulikuwa na imani kwamba siku kichwa kile kitakapoanguka, utawala wa Waingereza kisiwani utakwisha. Waingereza walikichukua kisiwa kwa Wafaransa mwaka 1810. Na mwaka 1832 Mwingereza mmoja, Lloyd, na wenzake walipanda hadi juu ya kichwa kwa kamba na ngazi, wakasimika bendera yao pale. Mimi naona walitaka kuonyesha watu kwamba kichwa hakichezi.

Safi_wa_Ndosho (#36)
Hiyo imani imejijibu. Uhuru wa Morisi ni tarehe 12 Machi 1968. Waingereza wameondoka, kichwa kipo.

Kijana_wa_Kituku (#37)
Ndiyo, lakini nani alisema lazima kianze kichwa? Labda wameondoka wao kwanza, kichwa kinafuata taratibu.

Mwalimu_Himbi (#38)
Kuhusu Lloyd, kuna wanaosema hakuwa wa kwanza, na kwamba Mfaransa mmoja alipanda tangu 1790. Kila aliyepanda anataka awe wa kwanza. Na kwa kuwa mmeingia kwenye wageni, Darwin naye alipita Morisi mwaka 1836 akapanda ule wa jirani, Le Pouce. Hakujihangaisha na kichwa.

Mwana_wa_Birere (#39)
Waliopanda kwa miguu yao kila siku, na maziwa kichwani, hawamo kwenye orodha yako mwalimu.

Mwalimu_Himbi (#40)
Hiyo nakupa.

Dada_Katindo (#41)
Mmesahau mlima mwingine wa Morisi wenye hadithi nzito zaidi. Le Morne, kule kusini magharibi, mita 556, unaingia baharini. Watumwa waliotoroka walijificha juu yake. Inasimuliwa kwamba utumwa ulipofutwa mwaka 1835, askari walitumwa kuwapa habari. Wale waliokuwa juu walipoona askari wanapanda wakadhani wanakuja kuwakamata, wakajirusha. UNESCO wameuweka kwenye urithi 2008.

Sasa linganisheni. Kwenye Pieter Both mtu anakufa kwa sababu habari imetoka. Kwenye Le Morne watu wanakufa kwa sababu habari haijafika. Kisiwa kimoja.

Mama_Neema (#42)
Le Morne nilifika. Sikupenda kukaa pale muda mrefu.

Kaka_Virunga (#43)
Dada Katindo umenyamazisha uzi mzima.

Tshukudu_Express (#44)
Basi turudi nyumbani kidogo. Nyiragongo ni nani? OP aliuliza tangu #1 na hamjamjibu. Mzee amesema ni jela, hajasema mwenye jela.

Safi_wa_Ndosho (#45)
"Nyira" kwenye Kinyarwanda ni mwanzo wa majina ya kike. Hata mama yake Ryangombe anaitwa Nyiraryangombe. Kwa hiyo Nyiragongo ni mwanamke, mama wa Gongo, au mwanamke wa Gongo.

Mzee_wa_Rutshuru (#46)
Nilivyosimuliwa mimi, Nyiragongo alipigana na Ryangombe, akashindwa, akakatwa na upanga wa moto na kufungiwa ndani ya mlima. Anapochachamaa ndipo tunaona moshi mwekundu usiku. Wengine husema alikuwa mwanamume. Bibi yangu alisema mwanamke. Mimi nafuata bibi yangu.

Cidorho_wa_Bukavu (#47)
Na Nyamulagira jirani yake? Mimi naona hapo pana *kuragira*, kuchunga ng'ombe. Mchungaji.

Fromaji_ya_Masisi (#48)
Basi hata huku kwetu mlima unaotoa moto ni mtu wa ng'ombe. Mnaona maziwa yanavyorudi?

Mwanafunzi_Jiolojia (#49)
@Cidorho_wa_Bukavu maana ya kitenzi ni hiyo, ila kulitoa jina la mlima humo ni kubahatisha. Tusilifanye ukweli.

Dada_Katindo (#50)
Januari 17, 2002 mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Lava ilipokata mji katikati tulikimbilia Gisenyi, Rwanda, na godoro moja na mbuzi wa jirani ambaye hatukujua ametufuata vipi. Njiani mama mmoja mzee alikuwa akisema kwa sauti: "Amekasirika, mlisema vibaya juu yake." Nikamwuliza nani. Akaniambia nyamaza, usimtaje. Kwa hiyo kuhusu jina siwezi kuwasaidia, nilikatazwa kulitamka siku lilipohitajika zaidi.

Na mwaka 2021, Mei 22, usiku, nilijikuta nasema "huyu hapa anakuja," sikusema volkano. Lava ikaishia kule Buhene karibu na uwanja wa ndege. Mwanangu akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia nyamaza.

Pasta_Mstaafu (#51)
Pole dada.

Mwana_wa_Birere (#52)
Dada Katindo, hapo umenifanya nione hadithi ya Mama Neema kwa upande mwingine. Mimi nilikuwa nadhani muuza maziwa alikosa kwa kuropoka. Kumbe mlima wowote una neno ambalo hutakiwi kulisema, na sisi wenyewe tunalo.

Bonne_Année_Bukavu (#53)
Na bado tunalisema, tumefikia #53.

Tshukudu_Express (#54)
Mtu akigeuka jiwe humu ndani asiache bila kulipa bando.

Mwanafunzi_Jiolojia (#55)
Tukiachana na utani, kunyamaza juu ya volkano ni hatari. Mazuku, ule upepo mbaya unaokaa mabondeni karibu na ziwa, unaua watoto na mbuzi kwa sababu hauonekani, na mtu asipowaambia wageni wa mtaa hawajui pa kutokaa. Lazima useme. Huko Morisi onyo ni usiseme. Huku onyo ni sema, tena kwa sauti.

Mzee_wa_Rutshuru (#56)
Mwanangu, neno lenyewe mazuku limetoka kwa wazee, si kwa mashine zenu. Walisema, ila waliita upepo mbaya. Kusema kuna namna yake.

Mwalimu_Himbi (#57)
OP, mwambie mdogo wako aulize watu wa Crève-Coeur kwenyewe, si Port Louis. Wa mjini watampa hadithi ya mjini. Amtafute mzee aliyewahi kuvuka ile njia kwa miguu, amwulize viumbe wale walikuwa wangapi, na muuza maziwa alimwambia nani kwanza. Hapo ndipo matoleo yanapotofautiana.

Mama_Neema (#58)
Mwulize pia kama alimwambia mke wake. Mimi ningependa kujua kama mke aligeuka nini.

Fromaji_ya_Masisi (#59)
Na awaulize bei ya lita.

Mwana_wa_Birere (#60)
Narudi na majibu, siku nne baadaye. Mtoto amekwenda Crève-Coeur jana, Jumamosi, kwa basi. Mzee wa kwanza aliyemwuliza alisema ni gavana. Wa pili alisema ni gavana, lakini kichwa ni cha muuza maziwa. Mama mmoja dukani akamwuliza: "Wewe unatoka wapi?" Akasema Goma, Kongo. Akamwambia: "Kwenu si kule kwenye mlima unaomwaga moto? Basi tuambie kwanza huo wenu unaitwaje na kwa nini." Kijana akakosa la kusema, akanunua maji akaondoka.

Kuhusu bei ya lita, maziwa siku hizi wengi wananunua ya unga, kwenye mkebe.

Picha aliyotuma ni hii. Mawingu yamefunika, kichwa hakionekani.

Fromaji_ya_Masisi (#61)
Ya unga! Ndiyo maana amejificha.

Safi_wa_Ndosho (#62)
Na hiyo kwenye picha, kulia, ni Pouce. Nilisema tangu mwanzo.